Abdilatif Abdalla na Sauti ya Dhiki: Jinsi ya Kumsoma Mshairi Aliyefungwa

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ukimtaja Abdilatif Abdalla darasani, sentensi ya kwanza utakayoisikia ni hii: mshairi alifungwa kwa kuikosoa serikali. Sentensi hiyo ni kweli. Shida ni kwamba watahiniwa wengi huianza nayo, huirudia katikati, kisha humalizia nayo, na mtahini anabaki akitafuta shairi lenyewe liko wapi. Sehemu hii ya mwongozo itakueleza maisha ya mshairi kwa kadiri inayokusaidia kusoma diwani yake, halafu itakuonyesha mahali ambapo maisha hayo huingia ndani ya beti na mahali ambapo hayaingii. Soma ukiwa na kalamu mkononi.

Usuli wa mshairi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Sehemu ya utoto wake aliishi Faza, katika visiwa vya Lamu, akilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Nduguye, Ahmad Nassir, ndiye yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyezaliwa na kukulia katika ushairi. Alivisikia vina na mizani nyumbani kabla ya kuvisoma kitabuni, jinsi wewe ulivyosikia methali na vitendawili vya Kimeru kabla ya kuambiwa kwamba hivyo vinaitwa fasihi simulizi. Nyuma yao wote kulikuwa na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 18 na 19, aliyeuchukua ushairi akauingiza katika siasa na ugomvi wa mji wake. Ukiulizwa Abdilatif alijifunza wapi kuchanganya tungo na mambo ya utawala, usikimbilie Ulaya. Jibu liko Mombasa.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika Baraza la Manispaa ya Mombasa. Utenzi wake mrefu, Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, ulichapishwa mwaka 1971. Angalia tarehe hiyo vizuri: kitabu chake cha kwanza kilitoka yeye mwenyewe akiwa gerezani.

Swali lililomfunga

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu kama makamu wa rais na kuongoza chama cha upinzani, Kenya People's Union, kilichojulikana zaidi kwa herufi KPU. Abdilatif alijiunga nacho. Katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walienguliwa kwa wingi kwa madai kwamba karatasi zao hazikujazwa ipasavyo, na wale wa KANU wakapita bila kupingwa. Ni katika hali hiyo Abdilatif, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi? Kilisambazwa kwa siri mwezi Novemba mwaka huo huo.

Soma kichwa hicho tena. Ni swali. Mwandishi anasema "twenda", yaani sisi, na yeye mwenyewe akiwamo. Hajitoi nje ya nchi na kuinyoshea kidole. Mahakama haikulichukua kama swali. Alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miezi 18, na upande wa mashtaka ulipokata rufani, adhabu ikaongezwa hadi miaka mitatu. Alitumikia kifungo hicho kati ya 1969 na 1972, sehemu kubwa katika Gereza la Kamiti, na kwa muda mrefu akiwa peke yake katika chumba.

Hapa kuna kosa moja ninalolikuta kila mwaka katika insha za wanafunzi. Wanamchanganya Abdilatif na Ngũgĩ wa Thiong'o kwa kuwa wote walikuwa Kamiti na wote waliandika huko kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ aliwekwa kizuizini kuanzia mwisho wa 1977 hadi 1978 bila kushtakiwa. Abdilatif alishtakiwa, akahukumiwa, akafungwa kama mfungwa. Ukiandika kwamba "alizuiliwa bila kufikishwa mahakamani" umekosea, na mtahini anayeijua historia hii atajua umekariri.

Karatasi

Mfungwa wa aina yake hakuruhusiwa kalamu wala daftari. Alipata kalamu kwa siri na akaandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatolewa nje ya gereza kwa siri vilevile. Mwaka 1973, baada ya kuachiliwa, Oxford University Press iliyachapisha kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata, 1974, diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Usiipite habari hiyo haraka. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Jomo Kenyatta. Tuzo iliyompa heshima ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta. Tena mambo aliyoyasema ndani ya diwani, kuhusu wenye nguvu wanaojisahau na kuhusu mtu asiyekubali kuacha msimamo wake, hayako mbali na yale yaliyokuwa katika kijikaratasi. Kilichobadilika ni namna ya kusema. Nathari iliyo wazi ilimpeleka Kamiti, na ushairi ulioandikwa Kamiti ukapewa tuzo. Ukilielewa jambo hili, utaelewa kwa nini swali la mbinu katika diwani hii haliwezi kutenganishwa na swali la maudhui. Fumbo hapa lina kazi. Humsaidia msemaji kulipitisha neno mahali ambapo neno wazi lingekamatwa.

Abdilatif hakuwa peke yake duniani katika hili. Huko China, mwaka 1978, mshairi Bei Dao na wenzake walianzisha jarida lililoitwa Jintian, maana yake "Leo". Mashairi yao yalijaa picha ambazo wakosoaji walidai hazieleweki, wakayaita mashairi ya ukungu. Jarida lilipigwa marufuku mwaka 1980, na Bei Dao mwenyewe akaishi uhamishoni miaka mingi baada ya 1989. Wewe wa Timau unaujua ukungu. Asubuhi unaposhuka kutoka mlimani hauondoi mashamba ya ngano. Mashamba yako palepale, na mwenye kuijua njia hafiki shuleni kwa kuchelewa. Ndivyo fumbo linavyomwacha msomaji anayejua akapita, huku likimchelewesha asiyejua.

"Mamba": fumbo linavyofanya kazi

Chukua shairi la "Mamba", ambalo ndilo linalofundishwa sana kutoka diwani hii. Kwa maana ya juu, ni habari ya mnyama mtoni: mamba anajigamba, anajiona hodari kuliko wote, anadhani ataishi milele na nguvu zake hazitaisha. Nafsineni anamtazama na kumkumbusha kwamba kila kiumbe ana mwisho wake. Basi. Hakuna rais, hakuna waziri, hakuna chama.

Lakini mshairi hakuficha kwamba anaficha. Katika ubeti wa kwanza anatangaza wazi nia yake ya kufumba, ili wenye uwezo wa kufumbua wafumbue. Ni kama mtu anayekupa kufuli na kukuambia kwamba ufunguo unao wewe. Kwa hiyo ukiandika kwamba mamba ni kiongozi dhalimu, uko sahihi, na mazingira ya utunzi yanakuunga mkono. Usimalizie hapo. Mamba anaweza pia kuwa mwajiri, tajiri wa kijiji, mzazi asiyesikiliza, hata kiranja wa shule aliyelewa cheo. Shairi halikutaja jina kwa sababu mbili: jina lingempa mshairi kesi nyingine, na jina lingelifanya shairi liishe siku mwenye jina hilo alipotoka madarakani. Toa maana ya kihistoria, kisha toa maana pana, na uzitegemeze zote kwenye maneno ya shairi.

Sasa angalia umbo. Kila ubeti una mishororo mitatu, basi ni tathlitha. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, basi ni mathnawi. Vina hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, basi ni ukaraguni. Hadi hapo umepata alama zako za kawaida. Hesabu mizani: ukwapi una 4, utao una 8. Je, umewahi kujiuliza kwa nini? Soma ubeti mmoja kwa sauti, usiusome kimoyomoyo. Kipande kifupi kinapiga, kipande kirefu kinaeleza. Kinapiga tena, kinaeleza tena. Kwa sikio langu ni kama mzee anayegonga bakora chini kabla ya kila neno. Shairi lenye vipande vya 8 na 8, kama mengi ya kimapokeo, lisingekuwa na ukali huo. Mtahini akikuuliza "eleza umbo la shairi hili", wengi wataorodhesha. Wewe orodhesha, halafu ongeza sentensi moja kuhusu umbo hilo linavyofaa maonyo.

"Mnazi: Vuta N'kuvute"

Shairi hili ni la malumbano. Wawili wanavutana kuhusu mnazi: mmoja yuko juu yake, mwingine anadai haki yake. Kwa Mmvita, mnazi ni mali ya maana. Hutoa nazi, tui, makuti ya kuezekea, mbao, tembo. Wewe huenda hujawahi kuuona mnazi ukiwa umesimama, na hilo ni tatizo dogo kuliko unavyofikiri. Badala ya mnazi weka mto. Unajua jinsi mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Ewaso Ng'iro inavyogombaniwa: aliye juu anafungulia mfereji wake kwanza, aliye chini anabaki na mchanga, na kila mmoja ana hoja. Aliye juu anasema yeye ndiye aliyechimba na kulipia bomba. Aliye chini anasema maji hayakuumbwa na mtu. Ukiisikia sauti ya mkutano kama huo kichwani mwako, umeshaingia ndani ya shairi.

Mazingira yake ni ya miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati swali la nani apande na nani ale matunda lilikuwa kila mahali: kwenye mashamba yaliyoachwa na walowezi, kwenye kazi, kwenye vyeo. Timau yenyewe ilikuwa nchi ya walowezi, kwa hiyo waulize wazee wa kwenu kuhusu miaka hiyo kabla hujafungua kitabu. Unapolijibu swali kuhusu shairi hili, jihadhari na kumpa ushindi msemaji mmoja kwa haraka. Malumbano ni mbinu inayompa kila upande nafasi ya kusema, na alama nyingi ziko katika kuonyesha jinsi hoja za mmoja zinavyojibiwa na mwenzake.

"Siwati" na lugha ya nyumbani

Siyo kila shairi katika diwani limejificha. "Siwati" limesimama waziwazi. Kuwata ni kuacha. Siwati ni siachi. Nafsineni anasema hataacha anachokishikilia, hata kwa mateso. Ni hapa unapokutana na lile neno linalowatisha wanafunzi wa bara, n'shishiyelo, ambalo pia limo katika kichwa cha shairi jingine, "N'shishiyelo ni Lilo". Livunje taratibu. N' ni ni- iliyofupishwa, yaani inkisari. Shishiye ni umbo la kale la kitenzi shika, lenye maana kwamba tendo limefanyika na bado linaendelea. Lo ni kirejeshi, kama katika "nililolishika". Neno zima: lile ninaloendelea kulishikilia. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili sanifu kwa neno moja. Huwezi. Utahitaji matatu au manne.

Hapo ndipo jibu lako kuhusu lahaja linapaswa kuanzia. Watahiniwa huandika: "Mshairi ametumia lahaja, kwa mfano 'siwati' badala ya 'siachi'." Neno "badala" linaonyesha kwamba unamwona mshairi kama mtu aliyekuwa na neno sahihi akaamua kuchukua lisilo sahihi. Kimvita ni lugha aliyonyonya nayo. Kiswahili sanifu, kilichojengwa zaidi juu ya Kiunguja, kilikuwa lugha ya shule na ofisi kwake, kama kilivyo kwako. Waamvita husema tini kwa chini, nti kwa nchi, mato kwa macho, na hawajakosea. Mtu aliyefungiwa peke yake, asiye na wa kuzungumza naye, akachagua kuandika kwa sauti ya nyumbani kwao, hajavunja sheria ya sarufi. Sema kwamba lahaja inaleta wakaa wa kale na ufupi wa neno, inalinda mizani, na inaitia nafsineni sauti ya mahali na watu maalumu. Hizo ni hoja tatu. Kila moja ina alama.

Katika "Kuno Kunena" lahaja hiyo hiyo inageuka mchezo wa sauti. Kuno ni huku. Mshairi anauliza kwa nini kule kusema kwake kumemfungia pale alipo, na anayasukuma maneno yenye k na n yagongane ubeti mzima, mpaka ulimi unakwama. Kiswahili sanifu cha huku, hili na hii kisingeweza kugongana hivyo. Lisome kwa sauti mbele ya mwenzako, uone kama utamaliza bila kujikwaa.

Kwa nini hakuandika shairi huru?

Mwaka 1974, mwaka ule wa tuzo, Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mabishano makali yakafuata. Wengi hudhani kwamba mshairi mwanamapinduzi lazima avunje umbo, na kwamba anayelifuata ni mtu wa kale. Abdilatif anaivuruga hesabu hiyo. Siasa yake ilikuwa kali kiasi cha kumfunga, na arudhi zake ni za baba na babu.

Kwa maoni yangu, moja ya sababu ni ya kawaida kabisa. Karatasi ya chooni ikilowa imekwisha. Ikikamatwa imekwisha. Shairi lenye vina na mizani hukaa kichwani. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha, na ukikosea, mizani inakwambia. Jaribu mwenyewe: kariri beti mbili za "Mamba" na aya mbili za riwaya unayoisoma, kisha uone wiki ijayo umebaki na nini.

Mshairi na nafsineni

Sasa lile onyo la mwanzo. Nafsineni ni anayesema ndani ya shairi. Mshairi ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Katika "Siwati" wawili hao wamekaribiana sana, na unaweza kusema hivyo. Katika "Jipu", nafsineni ni mtu anayeteswa na jipu, na ukikurupuka kuandika "Abdilatif alikuwa na jipu gerezani" utawachekesha wanaosahihisha. Katika "Mnazi" kuna wasemaji wawili, na mshairi hawezi kuwa wote wawili. Zoea kuandika "nafsineni anasema" unapozungumzia yaliyo ndani ya beti, na "mshairi ametumia" unapozungumzia mbinu.

Baada ya Kamiti

Alipotoka mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Huko alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kwa jina la Wema Hawajazaliwa, riwaya ambayo nayo inauliza uhuru umewaletea nini wananchi. Mwaka 1979 alihamia London, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Akiwa huko alishiriki katika kamati iliyoundwa mwaka 1982 kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Kuanzia 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani.

Maswali ya kujipima

1. Tumia shairi la "Mamba" kuonyesha uhusiano kati ya umbo la shairi na ujumbe wake. (Alama 6)

2. "Lahaja katika Sauti ya Dhiki ni pambo tu." Pinga kauli hii ukirejelea mashairi mawili. (Alama 8)

3. Andika upya ubeti mmoja wa "Siwati" kwa lugha ya nathari, kisha ueleze ni nini kilichopotea ulipouandika hivyo. (Alama 6)

Swali la tatu lifanye kwanza, hata kama hujisikii tayari.